Mbona Babu Alivuta na Hakuugua?

Leo tunaanza na ubishi ambao bila shaka umewahi kuusikia kijiweni, shuleni au hata nyumbani. Mtu anaambiwa aache sigara. Naye anajibu haraka: "Acha kunitisha bwana! Babu yangu amevuta tangu ujana wake, sasa ana miaka 90 na bado analima shamba lake mwenyewe." Watu wanacheka, na yule aliyekuwa anatoa ushauri ananyamaza.

Wewe usinyamaze. Ila usimwambie kwamba anasema uongo, maana babu wa namna hiyo wapo kweli. Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani. Inakuwaje watu wawili wavute sigara zilezile, kwa miaka ileile, halafu mmoja aishie kutweta kwa kupanda kilima kidogo tu na mwingine aendelee na shughuli zake?

Kwanza tuelewane tunazungumzia ugonjwa gani. Si kifua kikuu, wala si pumu ya utotoni, ingawa dalili zake zinaweza kufanana nazo. Ni ugonjwa sugu wa mapafu ambao njia za hewa huwa nyembamba na vifuko vya hewa hubomoka polepole. Mgonjwa hukohoa kwa miezi na miaka, hutoa makohozi, na pumzi humwishia kila mwaka mapema zaidi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani.

Ndani ya mapafu yako kuna mamilioni ya vifuko vidogo sana vya hewa. Kuta zake zina nyuzi za kunyumbuka, kama mpira wa manati. Ukivuta hewa nyuzi zinatanuka, ukiachia zinarudi zenyewe na hewa inatoka. Sasa fikiria mpira wa manati uliochakaa. Unavutika, lakini haurudi. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa huyu: hewa inaingia, kutoka ndiyo kazi. Na mpira wa mapafu ukishachakaa, hakuna duka unakouzwa mwingine.

Turudi kwa babu. Kuanzia mwaka 1961, huko London, Uingereza, watafiti waliwafuatilia wanaume 792 wafanyakazi kwa miaka 8, wakipima nguvu ya pumzi zao mara kwa mara. Charles Fletcher na Richard Peto wakaeleza matokeo yake mwaka 1977. Walikuta kwamba nguvu ya mapafu ya kila mtu mzima hupungua kidogo kidogo kadiri umri unavyokwenda, hata kwa asiyevuta. Lakini miongoni mwa wavutaji kulikuwa na kundi ambalo mapafu yao yalishuka kwa kasi kama gari lililokatika breki mteremkoni, na wengine ambao walishuka taratibu. Wakaona na jambo la kutia moyo: aliyeacha sigara hakurudishiwa alichokwisha kupoteza, ila kasi ya kushuka kwake ilipungua ikawa kama ya asiyevuta.

Kwa hiyo babu yupo. Lakini kumbuka kitu kimoja kabla hujaendelea. Unamwona babu kwa sababu amebaki. Wenzake aliokuwa akivuta nao huwaoni, kwa kuwa wengi wao wako makaburini. Hao hawaji kijiweni kubishana nawe.

Swali likabaki: ni nini kinachowatenganisha? Sehemu ya jibu ilikuwa imeshapatikana Uswidi miaka mingi kabla, na ilipatikana kama mtu anavyookota sindano akitafuta ng'ombe. Katika maabara ya hospitali ya mji wa Malmö, Carl-Bertil Laurell alikuwa akichunguza majimaji ya damu za wagonjwa. Alikuwa anapitisha umeme kwenye karatasi yenye majimaji hayo, protini zinajitenga na kujipanga kwa mistari, kila moja mahali pake. Katika sampuli kama 1,500 akaona 5 zenye pengo: mstari mmoja haupo. Mwingine angesema mashine imekosea, akaitupa karatasi. Laurell hakuitupa. Alimshirikisha daktari kijana, Sten Eriksson, wakaenda kutazama habari za hao watu watano. Watatu kati yao walikuwa na mapafu yaliyobomoka wakiwa bado na umri mdogo. Wakachapisha habari hiyo mwaka 1963.

Protini iliyokosekana inaitwa alfa-1 antitripsini. Jina refu, kazi yake ni rahisi kuielewa. Mwilini mwako kuna askari, yaani chembe nyeupe za damu. Moshi, vumbi au vijidudu vikiingia mapafuni, askari hao hukimbilia huko, na kila mmoja hubeba panga lake: kimeng'enya kinachokata. Panga hilo halichagui. Likimaliza kumkata adui, laweza kuendelea kukata zile nyuzi za manati. Ndiyo maana panga linahitaji ala. Hiyo alfa-1 antitripsini ndiyo ala. Hutengenezwa zaidi na ini, husafiri kwenye damu hadi mapafuni, hukamata panga na kulizima.

Sasa kuna watu ambao ala zao ni chache mno. Kwa nini? Hapa ndipo tunafika kwenye jeni.

Jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe hai ya mwili wako, yameandikwa kwa kemikali kama kitabu kilivyoandikwa kwa herufi. Kuna jeni linaloeleza jinsi ya kutengeneza damu, jingine rangi ya macho, jingine hiyo ala. Umepewa nakala mbili za karibu kila jeni: moja ya baba, moja ya mama. Kitabu kinaponakiliwa kizazi baada ya kizazi, herufi hubadilika hapa na pale. Mabadiliko mengi hayana madhara yoyote, na ndiyo moja ya sababu zinazofanya wewe na jirani yako msifanane. Mengine yana madhara.

Jeni la ala lina sura nyingi. Ile ya kawaida wataalamu wanaiita M. Ile inayoleta taabu kubwa wanaiita Z. Tofauti ya Z na M ni herufi moja tu. Moja! Lakini kwa sababu ya herufi hiyo, protini inayotengenezwa haikunjwi sawasawa. Zinashikana ndani ya ini kama tambi zilizopikwa vibaya, zinashindwa kutoka. Hivyo mtu mwenye Z mbili huwa na kiasi cha asilimia 10 hadi 15 tu ya ala anazotakiwa kuwa nazo kwenye damu. Ini nalo linaweza kudhurika kwa mrundikano huo, na wapo watoto wachanga wanaoanza na manjano kwa sababu hiyo.

Jaribu zoezi hili na wenzako, halihitaji maabara. Chukua vikombe viwili. Kimoja ni cha baba, kingine ni cha mama. Tia katika kila kikombe haragwe moja jekundu na moja jeupe. Jekundu ni M, jeupe ni Z. Hao wazazi wote wawili wanabeba Z na wala hawajui, maana M yao moja inatosha kuwapa ala za kutosha kiasi. Fumba macho, chota haragwe moja kutoka kila kikombe. Huyo ndiye mtoto. Andika amepata nini, rudisha maharage vikombeni, chota tena. Fanya mara 40. Utaona kwamba karibu robo ya watoto wana mekundu mawili, karibu nusu wana mchanganyiko, na karibu robo wana meupe mawili. Hiyo robo ya mwisho ndiyo yenye ZZ.

Usije ukasema, "Aa, mtoto wa kwanza ameshapata ZZ, basi watatu wanaofuata wamesalimika." Hapana. Kila mimba ni kuchota upya. Vikombe havina kumbukumbu. Na angalia jambo jingine: haragwe jeupe moja limetoka kwa mama, la pili limetoka kwa baba. Mambo ya kumsema mama peke yake kwamba "amezaa wagonjwa" hayana msingi hata kidogo. Wala hakuna aliyelogwa, wala hakuna aliyeambukizwa.

Je, mwenye ZZ ameandikiwa kuugua? Hili ndilo hasa ninalotaka ulishike leo, na Waswidi ndio waliotupa jibu bora kuliko wote.

Kuanzia mwaka 1972 hadi 1974 Uswidi iliwapima watoto wachanga 200,000 kutafuta upungufu huu. Watoto 127 walikutwa na ZZ, yaani kama mtoto mmoja katika kila 1,600. Kisha daktari Tomas Sveger na wenzake wakaanza kuwafuatilia. Lakini upimaji wenyewe ulisimamishwa mwaka 1974. Unajua kwa nini? Wazazi wengi walioambiwa habari hizo waliingiwa na hofu kubwa. Fikiria: una mtoto mchanga, ananyonya vizuri, anacheka, halafu barua inakuja kwamba damu yake ina kasoro na huenda siku moja atashindwa kupumua. Wengine walikaa na hofu hiyo kwa miaka. Ikaonekana kwamba kutoa habari bila kumsaidia mtu kuzibeba kunaweza kuwa mzigo wenyewe.

Mimi sidhani kwamba kosa lilikuwa kupima. Kosa, nikitazama kwa mbali, lilikuwa kumwachia mzazi karatasi yenye majibu bila mtu wa kukaa naye chini amweleze. Maana tazama kilichofuata. Watoto wale walikua huku wakijua kwamba sigara kwao ni hatari zaidi kuliko kwa wengine. Walipofika ujana, waliovuta miongoni mwao walikuwa wachache kuliko vijana wenzao wa rika lao. Na walipopimwa tena wakiwa na umri wa miaka 37 hadi 40, wale wa ZZ ambao hawakuwahi kuvuta walikuwa na mapafu yanayofanya kazi kama kawaida. Wachache waliokuwa wakivuta walikuwa tayari na dalili za ugonjwa.

Umeona hapo? Jeni ni lilelile. Kilichobadilika ni moshi.

Uchunguzi mwingine wa huko huko Uswidi, uliotolewa mwaka 1978 juu ya wagonjwa watu wazima wenye ZZ, ulionyesha kwamba wavutaji walianza kuishiwa pumzi wakiwa na umri wa kama miaka 40. Wasiovuta walianza kama miaka 53. Miaka 13 ya kupumua vizuri ni mingi. Ndani ya miaka hiyo mtu anasomesha mtoto kuanzia darasa la kwanza hadi anamaliza sekondari.

Kwa nini moshi una nguvu hivyo? Kwa sababu unapiga pande mbili kwa wakati mmoja. Kwanza unawaita askari wengi zaidi mapafuni, kila mmoja na panga lake. Pili, kemikali zilizomo ndani ya moshi huiharibu ala yenyewe, pale pale inapokamatia panga, ikawa haifai kitu. Mapanga yanaongezeka, ala zinaharibika. Mwenye ala nyingi anaweza kuvumilia kwa muda. Mwenye ala chache hana akiba. Hata mwenye M moja na Z moja, ambaye asipovuta kwa kawaida hana tatizo la mapafu, akivuta anajiongezea hatari kuliko mvutaji mwenye M mbili.

Sasa najua utaniuliza: "Hayo ya Waswidi yananihusu nini mimi wa Tanga, Kisumu au Bujumbura?" Swali la haki. Ni kweli kwamba Z inapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, hasa kaskazini, na ni nadra kwa Waafrika. Ukipanga foleni kwenye zahanati yenu, huenda usimpate hata mmoja mwenye ZZ. Kwa hiyo usikimbilie kujitangazia ugonjwa.

Lakini Z ni mfano mmoja tu ambao tunaujua vizuri. Hata huko Ulaya wenye ugonjwa huu wengi hawana ZZ. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi uliohusisha watu zaidi ya 500,000 wa asili mbalimbali, wakapata ishara zaidi ya 1,000 kwenye jeni zinazohusiana na nguvu ya mapafu. Kila ishara inachangia kidogo sana. Nyingine zinahusu jinsi mapafu yanavyokua mtoto akiwa bado tumboni. Kuna nyingine, iliyojulikana tangu mwaka 2008, ambayo inagusa namna ubongo unavyopokea nikotini, hivyo mwenye nayo huelekea kuvuta sigara nyingi zaidi kwa siku. Kuna mtu anaonja na kuacha, mwenziwe akionja ananasa. Hakuna aliyeandikwa usoni ni yupi kati ya hao wawili, na hapo ndipo ulipo mtego wa "nionje moja tu", hasa kwa vile sigara siku hizi unaweza kuuziwa moja moja dukani.

Watu wengi waliochunguzwa katika kazi za namna hiyo ni wenye asili ya Ulaya. Jeni za Waafrika ndizo zenye tofauti nyingi kuliko za watu wote duniani, lakini ndizo zilizochunguzwa kidogo. Maana yake ni kwamba huenda sisi tuna "Z" zetu ambazo bado hazijapewa jina. Msomaji unayependa baiolojia, kazi hiyo inakusubiri. Siyo utani.

Tena kwetu moshi haukai kwenye sigara tu. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa hawa wameupata kwa sababu ya tumbaku. Katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati tumbaku inachangia asilimia 30 hadi 40, na moshi wa majumbani ni sababu kubwa. Kaya nyingi sana Tanzania na Kenya bado zinapika kwa kuni na mkaa. Mama anayekaa mbele ya mafiga katika jiko lisilo na dirisha, mgongoni amembeba mtoto, hajawahi kuweka sigara mdomoni, lakini askari wa mapafuni mwake hawajui tofauti ya moshi wa mtumba na moshi wa mwarobaini. Wanakuja na mapanga yao vilevile. Ongeza hapo kifua kikuu kinachoacha makovu, na nimonia za utotoni. Na usisahau shisha, maana maji yale hayachuji sumu.

Kwa kijana kuna jambo la ziada. Mapafu yako bado yanakua. Hufikia kilele cha nguvu zake kati ya miaka 20 na 25 hivi, kisha yanaanza kushuka ule mteremko tuliousema. Anayefika kileleni akiwa juu ana safari ndefu kabla ya kufika bondeni. Anayeanza kuvuta akiwa na miaka 14, au aliyekulia ndani ya moshi, anaweza kuanza kushuka kutoka kilele kifupi. Jeni huwezi kuchagua. Kilele chako bado unakijenga.

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia habari za babu, mwulize aliyesema: "Wewe umejuaje kwamba umerithi mapafu ya babu yako?" Babu mmoja amekupa robo tu ya jeni zako, takribani. Robo tatu zimetoka kwa wengine, na wengine hao huenda ndio wale waliokufa wakikohoa. Pia mapafu kuvumilia hakumaanishi moyo umevumilia, wala hakuzuii saratani.

Na kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyeishiwa pumzi akiwa chini ya miaka 45, hasa kama hakuwa mvutaji, au ndugu wawili watatu wana taabu hiyohiyo, mwambie daktari habari hiyo waziwazi, usingoje aulize. Mwaka 1997 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri kwamba kila mwenye ugonjwa huu sugu apimwe mara moja kuona kama ana upungufu wa alfa-1 antitripsini. Kwa wenye upungufu mkubwa ipo tiba ya kuongezewa protini hiyo kwenye mshipa, iliyotolewa kutoka damu za wachangiaji, na ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1987. Ni ghali sana, hutolewa kila wiki, na hairudishi kilichobomoka. Inapunguza kasi tu.

Wewe mwenyewe ukiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, nenda kwanza ukapime kifua kikuu. Kikiwa si hicho na pumzi bado inakusumbua, uliza kama hospitali ina spiromita. Ni kifaa cha kupulizia. Unavuta hewa yote unayoweza, unabana mdomo kwenye bomba, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote mpaka uishiwe. Mwenye mapafu mazima ya ujana hutoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa yake ndani ya sekunde ya kwanza. Hakiumi, hakitoi damu, na kwa kawaida utaambiwa upulize mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza karibu kila mtu hucheka.